Mstari wa Mengineyo

"Hiyo branch ya Laare, funga," Misheck alisema. "Na ufunge mapema."

Aliyasema hayo akiwa ameketi juu ya rundo la magodoro, kompyuta mapajani, viatu vyake vilivyochongoka vikining'inia hewani. Hakumwambia Kagwiria. Alimwambia Gitari, mume wa Kagwiria, ijapokuwa duka la Laare lilifunguliwa na Kagwiria, na hata neno la siri lililofungua hesabu zile Kagwiria ndiye aliyelibonyeza muda mfupi uliopita. Kagwiria mwenyewe alikuwa amesimama kando ya kaunta, birika mkononi, kwa sababu mgeni alipoingia tu alikuwa ameuliza, "Madam, hapa chai haiwezi kupatikana?" Na nyumba ya Mzee Gichovi haimnyimi mgeni chai, hata mgeni akiwa mjinga.

Mzee Gichovi, baba yake Gitari, alikuwa kwenye kiti chake huko nyuma akishona godoro lililoraruka kwa sindano ya shazia. Duka lile la Karurumo lilikuwa lake tangu ujana wake. Alisikiliza kama mtu asiyesikiliza.

"Lakini tuna forecast," Kagwiria alisema. "Iko ndani ya Pangilia. Haijasema tufunge Laare."

Pangilia ndiyo programu waliyotumia kupangia biashara, kuanzia stoo hadi mishahara, na Kagwiria ndiye aliyeibembeleza familia hadi ikainunua. Misheck alitabasamu, tabasamu la daktari kwa mgonjwa anayejitibu kwa majani.

"Hiyo forecast ya ndani ni ya bure, bosi," alisema, macho kwa Gitari. "Imekuja na system tu, kama vile redio huja na gari. Inaangalia mliuza nini jana, inakuambia utauza hivyo kesho. Lakini Darubini? Darubini inajiunga na hiyo Pangilia yenu halafu inaangalia mvua, bei ya mafuta, sikukuu, mpaka vitu watu wanatafuta kwa simu. Na inasema hivi: Desemba hii lete magodoro mapana ya Krismasi, yote hapa Karurumo. Zile ndogo za tatu kwa sita, wachana nazo. Na Laare, kwisha."

"Kumbe," Mzee Gichovi alisema bila kuinua macho. "Ya ndani ni mganga wa nyumbani. Hii yako ni mganga wa kuitwa."

"Kabisa, mzee!"

"Na mganga wa kuitwa hula kuku."

Gitari alicheka. Misheck naye alicheka, ila kwa kuchelewa, akataja bei ya kuku. Ada ya mwaka ya Darubini ilikaribiana sana na kodi ya chumba cha Laare. Hakuna aliyehitaji kusema ni kipi kingelipa kipi.

Kiwanda kilikuwa kinafunga oda za mwisho wa mwaka Ijumaa. Baada ya hapo malori yote yangekuwa ya maduka makubwa ya mijini. Akina Gichovi walikuwa na mtaji wa lori moja tu. Wakileta magodoro yasiyotakiwa, yangelala stoo hadi Pasaka huku wakila ugali kwa chumvi. Na huko Laare, Riungu, mwenye jengo, alitaka kuambiwa kabla ya mwezi kwisha kama wanakaa au wanahama.

"Nafikiri tumesikia," Gitari alisema.

Kagwiria alimmiminia mgeni chai kikombe cha pili. Alimimina kwa hasira hadi chai ikamwagikia kisahani.

*

Alizaliwa Laare, kwenye vilima vya Nyambene, akaolewa Karurumo. Miaka ya kwanza alifagia veranda ya duka la baba mkwe na kuitwa "huyo wa watu wa miraa." Si kwa ubaya. Hata kwa upendo, wangekuambia. Lakini mtu akiitwa hivyo kila asubuhi huku ameshika ufagio, huanza kutamani mahali ambapo jina lake litatajwa. Laare ilikuwa mahali hapo. Alipata chumba, akapaka rangi, akamweka kaka yake Koome kuuza. Kufunga Laare kulikuwa ni kumrudishia ufagio.

Kwa hiyo Misheck alipoondoka, yeye aliketi kwenye kaunta na kufungua tabiri zote mbili, ya Pangilia upande huu na ya Darubini upande ule, akazisoma mstari kwa mstari kama mtu anayechambua maharagwe. Ya Darubini ilipendeza macho, ina rangi na vishale. Ya ndani ilikuwa kijivu na ya kuchosha. Lakini ya ndani ilikuwa ndefu zaidi. Kulikuwa na mstari mmoja, chini kabisa, ambao Darubini haikuwa nao.

Mengineyo.

Siku zote alidhani Mengineyo ni kamba, misumari na vyandarua. Sasa aliubonyeza ule mstari, mchoro wake ukafunguka. Mwaka mzima ulikuwa bapa. Kila ikifika Novemba na Desemba uliinuka ghafla ukawa kilima, Karurumo miaka yote hadi 2023, na Laare mwaka huohuo, uliokuwa wake wa kwanza. Mwaka uliofuata, 2024, bapa kote kuwili.

"Nani hununua misumari hivi?" alijiuliza kwa sauti.

Alimpigia Misheck simu. "Mengineyo iko wapi kwa Darubini?"

"Aah, hiyo tulitoa, madam. Data haina jina inachanganya mashine. Ni uchafu."

"Huo uchafu ni karibu nusu ya Desemba yetu."

"Madam, aki niko barabarani. Network..."

Simu ikakatika. Akampigia Koome.

"Koome, Desemba ya 2023 uliandika Mengineyo nyingi sana. Uliuza nini?"

Huko Laare pikipiki zilisikika zikinguruma, na mtu akipigia kelele bei ya miraa.

"Mengineyo ni mengineyo," Koome alisema.

"Mimi ni dada yako."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Aki Kagwiria, usiniulize hiyo maneno. Uliza mzee wenu." Naye pia akakata.

*

Jioni alimuuliza mumewe wakila, mtoto wao Winfred akiwa ameshalala. Gitari alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena bila sababu.

"Mama Winfred, hayo si maneno ya kuongea na mama wa nyumba."

Hapo ndipo alipoelewa yote kwa mara moja, akaweka kijiko chini.

Kuanzia Embu hadi Nyambene, mvulana akimaliza shule ya msingi huingia jandoni mwisho wa mwaka, na mazungumzo ya jando huwa ya wanaume. Halali tena kwenye kitanda chake cha utotoni wala hajifuniki blanketi la zamani. Baba yake humnunulia godoro jipya la futi tatu kwa sita, blanketi zito, beseni, sahani na kikombe. Si siri. Kila mwanamke huliona godoro likipita limefungwa kwenye bodaboda, naye hujua linakwenda wapi na kwa nini. Ila haisemwi. Baba huingia dukani, huashiria kwa kidevu, hulipa, huondoka.

Na lisilosemwa, je, litaandikwa? Litaandikwa kwenye kompyuta inayofunguliwa na mke wa mwanao? Mzee Gichovi aliona haya. Kila baba alipokuja, yeye aliuzia mlango wa nyuma, akaandika Mengineyo. Koome naye, ambaye hajawahi kuzungumza na Mzee Gichovi jambo lolote zaidi ya mvua, aliona haya dadake kuyasoma, akaandika Mengineyo. Waembu na Wameru watabishana juu ya asali, juu ya mbuzi na juu ya nani aliye mjanja, lakini katika hili waliafikiana bila kikao.

"Na stoo?" Kagwiria aliuliza. "Kila Januari magodoro yanapungua, na Baba ananiambia rekebisha tu hesabu, ni panya. Gitari, panya wa hapa hula magodoro?"

Gitari alivuta bakuli la mboga karibu.

"Nilimshuku Koome," Kagwiria alisema. "Nilimwita ndugu yangu mwizi! Na wewe ulikuwa unajua."

Alikasirika kweli. Hakukasirikia mila, kwani yeye mwenyewe asingetaka kuketi na baba mkwe kuzungumzia jando. Alikasirika kwa kuwa mashine mbili, ya nyumbani na ya kuitwa, zilikuwa zinaamua hatima ya duka lake huku zote zimefungwa kitambaa usoni, na waliozifunga walikuwa wanakula ugali wake.

*

Asubuhi alimkuta mzee akishona lilelile godoro.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja na swali, na sijui niliulizeje bila kukukosea heshima."

Mzee aliacha kushona. Alijua. Koome alikuwa amempigia usiku, mara ya kwanza katika maisha yao kuzungumza jambo lisilo mvua.

"Sitaki kujua habari za vijana," Kagwiria alisema. "Hizo ni zenu. Nataka kujua habari za magodoro. Godoro si mtu, Baba. Godoro halina siri."

Mzee alichomeka sindano kwenye godoro. Kisha akainuka, akageuza kiti chake hadi akawa ameuelekea ukuta wa mablanketi, mgongo kwa Kagwiria, akaketi tena.

"Mimi naongea na mali yangu," alisema. "Mtu akipita akasikia, ni masikio yake."

Kagwiria aliketi kwenye gunia, kompyuta magotini, akajizuia asicheke.

"Nyinyi magodoro," Mzee Gichovi aliyaambia mablanketi, "mwaka jana mlikaa hapa mpaka mkanuka. Kwa nini? Kwa sababu serikali ilibadilisha masomo, darasa la nane likakwisha mwaka uliotangulia. Mwaka jana hakukuwa na darasa la kumaliza. Wazazi wakasema, tungoje. Sasa hii gredi ya tisa ndiyo inamaliza mara ya kwanza. Wale waliongojewa mwaka jana ndio hao wanaomaliza sasa, wote mara moja."

"Na Laare?" Kagwiria aliuliza polepole.

Mgongo wa mzee ulikakamaa kidogo. Kisha: "Nyinyi mablanketi, mimi nasikia huko Laare baba mwenye pesa ya miraa hanunui blanketi moja. Ananunua mbili, ya pili ionekane. Hata Koome ameniambia."

"Kila mmoja huchukua seti nzima?"

"Nani huyo anauliza? Mimi niko peke yangu." Akakohoa. "Seti nzima. Beseni pia."

Waliendelea hivyo hadi mwanga wa mlangoni ukahama. Alipomaliza, Kagwiria aliuvunja mstari wa Mengineyo, akarudisha kila godoro na kila blanketi mahali pake, mwaka baada ya mwaka. Kwenye Pangilia kulikuwa na kisanduku kidogo kilichouliza kama kuna mwaka usio wa kawaida, kisanduku ambacho hakuwahi kukijaza. Akakijaza. Halafu ikabaki kuupa mstari ule mpya jina.

"Baba, hii niiandike nini?"

Mzee aliukodolea macho ukuta. "Andika Kufunga Shule. Shule si hufungwa?"

*

Ijumaa Misheck alirudi akitarajia sahihi. Gitari alikuwepo, mzee alikuwepo, na Kagwiria safari hii hakushika birika. Aligeuza kompyuta wote waione. Ule utabiri wa kijivu ulikuwa umebadilika. Magodoro mapana yalikuwa machache. Ya tatu kwa sita yalijaza lori, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya Laare.

"Hiyo ni kubwa sana," Misheck alisema. "Ya ndani imechanganyikiwa."

"Basi ipe Darubini hizi hesabu mpya tuone."

Hakuwa na pa kukimbilia. Aliipa. Wakangoja, mtandao wa Karurumo ukivuta miguu. Ikiwa Darubini ingekataa, Gitari angemwamini mgeni. Alimjua mumewe.

Vishale vya rangi vilijipanga. Misheck alisoma mara mbili.

"Imekuja karibu sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Imepunguza kidogo tu."

"Kwa hivyo," Mzee Gichovi aliuliza kwa upole mkubwa, "tukulipe ndiyo utuambie kitu tumekuambia?"

Misheck, hebu tumpe haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alifunga kompyuta akasema mashine yake ni nzuri kwa wenye maduka mengi, ila hata iliyo nzuri haiwezi kuona kilichofichwa. Akaaga bila kuomba chai.

Gitari alibaki akisugua shingo. "Mama Winfred, na ikikosa? Lori zima? Tukikosa, si Laare tu. Ni sisi wote."

"Ikikosa nitarudi kufagia veranda, na sitasema neno," alisema. "Lakini ikifaulu, habari ya kufunga Laare haitajwi tena."

Gitari alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya kiwanda kwenye simu, ameishika mbali na macho.

*

Lori lilifika, na mvua nayo ikafika. Huko Laare magodoro yalijaa chumba, yakapanda hadi darini, yakamwagikia veranda chini ya karatasi ya nailoni. Kagwiria alihamia kwa kaka yake ili auze naye. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwomba Koome radhi kwa lile neno la wizi. Koome alisema, "Wacha tu," akamkabidhi kitambaa cha kupangusia kaunta.

Hakuna aliyekuja. Asubuhi ikapita, nyingine ikapita. Wapakiaji wa miraa walisimama verandani kujikinga mvua, wakabonyeza magodoro kwa vidole, wakaondoka. Riungu, mwenye jengo, alipita na mwavuli wake.

"Dada, hizi zote ni za nani?" aliuliza. "Mnafungua hospitali? Kuna mtu wa kupakia miraa anataka hii nyumba. Analipa vizuri." Alisema mbele ya watu, nao wakacheka.

Gitari alipiga simu kila jioni. "Kumekuwaje?"

"Bado."

Hakumlaumu. Aliaga tu, akakata. Kagwiria alilia bafuni kwa Koome, akafungulia maji ili mke wa Koome asimsikie.

Kisha shule zikafungwa.

Mzee mmoja alikuja na bodaboda, kofia imemfunika nyusi. Alimpita Kagwiria kama hakumwona, akamwendea Koome, akaashiria kwa kidevu. Godoro. Blanketi. Akaashiria tena. Blanketi la pili. Kagwiria aliinama kwenye kompyuta, akawa anaipangusa kioo kwa bidii. Mzee alipoondoka, Koome alinong'ona, "Kufunga Shule, moja," naye akabonyeza.

Mchana walikuja wanne pamoja, wanakwepana macho. Kesho yake bodaboda zilipanga foleni hadi kwa muuza mitumba, kila moja imebeba baba mmoja, na kila baba akijifanya amepita tu njiani. Duka kubwa lililokuwa ng'ambo ya barabara lilikuwa limeleta magodoro ya Krismasi, mapana kama uwanja, na hayakuwa na wa kuyatazama. Mwenye duka lile alimtuma mtu aje kununua tatu kwa sita kwa Kagwiria ili akauze kwake. Kagwiria alimuuzia machache, kwa bei ya reja reja, na risiti akampa.

Karurumo nako stoo iliisha. Mzee Gichovi alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Mama, hao panya wako hapa tena," alisema. "Wamekula kila kitu."

Kagwiria alicheka hadi akaketi chini, pale pale sakafuni ambapo juzi kulikuwa na magodoro na sasa kulikuwa na saruji tupu na vipande vya kamba. Alikuwa na furaha, furaha ya kupiga vigelegele, na kwa kuwa hakuna aliyemwona isipokuwa Koome, akapiga. Riungu alikuja mbio na mwavuli wake kuuliza kuna harusi gani. Alijibiwa kwamba kuna mkataba, wa miaka mitano, na jina la mpangaji aandike Kagwiria, herufi zote.

*

Misheck alipita Karurumo Januari. Alitafuta rundo la kukalia akalikosa. Duka lilikuwa na kaunta, kiti cha mzee na mwangwi.

"Bosi," alimwambia Gitari, "nimesikia ya Laare. Sasa mkifikiria branch ya tatu, hapo Kanja, Darubini ndiyo..."

Gitari alichukua birika juu ya jiko.

"Chai naleta mimi," alisema. "Hayo mengine ongea na mwenye duka."

Misheck aligeuka. Kagwiria alikuwa amesimama mlangoni ameshika kompyuta yake, na nyuma yake Mzee Gichovi alikuwa anainuka kutoka kile kiti ambacho tangu duka lifunguliwe hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Mzee alikipangusa kwa kiganja, akakisogeza mbele ya kaunta.

"Kaa, mama," alisema. "Bei haisikilizwi mtu akiwa wima."

Kagwiria aliketi. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, na mguu mmoja mfupi. Akafungua kompyuta, akainua macho.

"Haya, Misheck," alisema. "Nitajie bei. Na usianze juu."